UZI: Kabati la oveni limeanza kubabuka. Nitumie mbao gani inayostahimili joto?

MamaKeki_Lanet

Wadau hamjambo. Naomba ushauri kabla sijatupa pesa mara ya pili.

Naoka keki za kuuza nyumbani, Lanet, Nakuru. Siku za wiki oveni naiwasha labda mara moja, lakini Ijumaa na Jumamosi inakaa moto kwa saa 4 hadi 5 bila kupumzika, nyuzi 170 mpaka 200. Mwezi wa tatu niliachana na oveni ndogo ya mezani nikanunua ile kubwa ya kuchomekwa ndani ya kabati. Ni mtumba, ila kwa nje inang'aa. Fundi akanitengenezea kabati refu la MDF (zile bodi za unga wa mbao na gundi) ya milimita 18, milango imevikwa plastiki nyeupe inayometameta. Siku ya kwanza majirani walikuja kupiga picha.

Wiki ya tano plastiki ikaanza kuachia pembeni mwa mlango wa oveni, inajikunja kama ganda la ndizi. Utepe wa ukingo nao ukateleza na kuning'inia. Juzi nimefungua droo iliyo juu ya oveni nikakuta mishumaa ya birthday imelala chini kama tambi zilizoiva. Na kuna harufu, si ya keki.

Fundi anasema kosa ni la MDF, nimletee mahogani afanye upya, "hiyo haiungui". Mume wangu anasema saipresi inatosha, mahogani ni ya jeneza la tajiri. Mimi sijui. Mbao gani hasa inavumilia joto la oveni?

Jirani_wa_London

Mahogani. Funga uzi.

(London ya Nakuru, wasije watu wakaniomba viza.)

FundiKibuye

Dada, usifunge uzi bado. Mimi niko Kisumu, nimekaa kwenye useremala miaka mingi, na makabati ya namna hii nimeyatengeneza na mengine nimeyaharibu. Nijibu kwanza:

Nyuma ya oveni kabati limezibwa au liko wazi? Ile rafu oveni inapokalia imefika mpaka ukutani au imekatwa nyuma? Ule ubao wa chini kabisa unaokinga miguu ya kabati una tundu lolote? Na kitabu cha oveni unacho?

Mbao tutazungumza baadaye.

MzeeWebuye

Mulembe nyote. Vijana mnapenda kuzungusha mambo. Mvule, basi. Jiko la mama yangu lilikuwa na rafu ya mvule juu ya mafiga, ikapigwa moshi na moto tangu kabla ya uhuru, na mpaka leo ubao ule uko kwangu ninawekea redio. Hizi bodi zenu ni unga wa mbao uliokandwa na gundi. Rahisi ni ghali.

MamaKeki_Lanet

@FundiKibuye asante. Nyuma kumezibwa na hadibodi, fundi alisema panya wasiingie. Rafu imefika mpaka nyuma. Ubao wa chini hauna tundu, umebandikwa silikoni sakafuni ili maji ya kupiga deki yasipenye. Juu ya oveni ndiyo hiyo droo, halafu kabati la kawaida. Kitabu sikupewa, ila nimekipata mtandaoni kwa namba iliyo kwenye kibati cha ndani ya mlango. Kina picha za mishale nyuma ya kabati, nilidhani ni mapambo.

FundiKibuye

Hiyo mishale ndiyo kabati lenyewe. Kaa chini nikueleze, nitaandika kirefu kwa sababu swali hili naulizwa kila mwezi.

Ndani ya oveni kuna nyuzi 200. Nje yake kuna pamba ya kioo au ya mawe, halafu bati. Bati hilo halifiki 200, lakini linapata moto, na joto hilo lazima liende mahali. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana vitabu vingi vinataka kabati linaloizunguka oveni livumilie nyuzi 90 au 95, na milango ya kabati jirani ivumilie kama 70. Angalia namba ya kitabu chako, usichukue yangu. Wanachodhani ni kwamba hewa baridi inaingia chini, inapanda nyuma ya oveni, inatokea juu. Ndiyo mishale hiyo. Wewe umezibiwa chini, nyuma na juu. Umejengewa oveni ndani ya oveni.

Sasa mbao. Mbao kavu, iwe mahogani, saipresi au mkaratusi, kwa nyuzi 90 haiwaki. Ili ishike moto haraka inahitaji kama nyuzi 250 hadi 300. Ngumu huchelewa kuliko nyepesi, Mzee hajakosea hapo, lakini hakuna mbao isiyoungua. Anayekuuzia mahogani kwa neno hilo anakuuzia neno. Cha kuogopa ni joto la zaidi ya 100 linalokaa miaka mahali palepale: mbao inageuka kahawia, inakauka kuelekea mkaa, na ikifika hapo inaweza kuanza kuungua kwa joto ambalo ilipokuwa mpya lingepita tu.

Kwako hakuna kilichoungua. Kilichoshindwa ni vitu vya juujuu. Plastiki ya PVC inaanza kulegea nyuzi 70 na kitu. Gundi ya utepe wa ukingo ni ile inayoyeyushwa kwa pasi au mashine, kwa hiyo ikipata joto inakumbuka ilikotoka. Gundi nyeupe ya mbao inapoteza nguvu kwenye 60 na kitu. Hata epoksi ya kawaida ya mirija miwili, ambayo watu huiamini kama dini, inalegea karibu na hapo.

Nikikuchagulia:

MDF tupu inavumilia joto hilo, shida yake ni maji. Huku kwetu karibu na ziwa MDF ya chini ya sinki inavimba kama andazi. Lanet kuna ukavu zaidi, lakini wewe unapiga deki. Chipubodi ni ndugu yake maskini, skrubu zinachomoka mlango ukifunguliwa mara nyingi, na mlango wa mwokaji unafunguliwa sana.

Plaiwudi nzuri ndiyo ningeanza nayo kwa fremu. Tazama ukingo wake: mistari ya gundi ikiwa ya kahawia iliyokolea, mara nyingi ni gundi ya fenoli, haijali joto wala maji. Ikiwa myeupe, ni gundi ya yuria, joto na unyevu vinaichosha. Na jina "marini bodi" lisikudanganye, kila kitu chenye rangi nyeusi kinaitwa hivyo hadwea. Kata kipande cha kidole, kichemshe kama maharagwe kwa saa 3 au 4. Kikifunguka kurasa kama kitabu, rudisha.

Blokibodi ni sawa kwa milango mirefu, haipindi haraka. Fomaika, ile karatasi ngumu inayobandikwa juu ya bodi, ni bora kuliko hiyo plastiki, yenyewe inavumilia hata sufuria ya moto kwa dakika chache. Inayoachia ni gundi ya kontakti iliyo chini yake, kwa hiyo pembezoni mwa oveni usiishie na fomaika. Pigilia kipande cha mbao kamili, upana wa kidole kimoja, ukingo mzima. Hapo ndipo mahogani yako inapofaa, futi chache tu.

Mbao kamili kwa kabati zima? Inawezekana, lakini saipresi na paini zina utomvu, na joto linautoa nje, rangi inapata machozi. Halafu kuna ukavu. Wakati wa marufuku ya kukata miti, 2018 hadi ilipoondolewa Julai 2023, mbao tuligombania. Sasa zinashuka kutoka Elburgon na Molo, lakini nyingi zinafika zikiwa mbichi, ukipiga msumari zinakutemea maji. Ukiziweka kando ya oveni zitapasuka kabla ya Krismasi.

Jirani_wa_London

Basi fungua uzi.

MzeeWebuye

Nimesoma maelezo ya Fundi mara mbili na miwani. Nakubali moja: rafu ya mama ilikuwa wazi pande zote, hewa inapita kutoka mlangoni mpaka chini ya nyasi za paa. Hilo sikuwa nimelifikiria. Mvule bado nausimamia.

Mkulima_Njoro

Mnahangaika bure. Chukua karatasi moja ya zile asbesto za paa la zamani, kata ukubwa wa ubavu wa kabati, pigilia misumari ndani. Zile hazisikii moto kabisa. Nyumba za zamani za wafanyakazi huku zinabomolewa, zinatupwa tu, ni za bure.

Nesi_Kakamega

TAFADHALI MSIFANYE HIVYO. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Asbesto ikikatwa kwa msumeno au kutobolewa inatoa nyuzinyuzi ambazo jicho halizioni. Ukizivuta zinabaki kwenye mapafu. Ugonjwa unakuja miaka 20, 30, hata 40 baadaye: makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, na hata kuitoa kwenye paa la zamani kuna utaratibu wake, inalowanishwa, inafungwa, inazikwa mahali maalum. Dada anapika chakula cha watu hapo, na pengine ana watoto wanaolamba mwiko.

Mkulima, sikulaumu, wengi tumekulia chini ya mapaa hayo. Lakini kama kuna ulizokwisha kukata, ziache, vumbi lake usilifagie likiwa kavu.

Mkulima_Njoro

Nimesikia nesi. Nilikata mbili za banda la kuku mwaka jana. Sasa nimepata la kunikosesha usingizi.

Nesi_Kakamega

Usiziguse zaidi wala usizivunje. Waulize watu wa mazingira wa kaunti zinapelekwa wapi. Na wewe kulala ulale.

FundiKibuye

Anayetaka kinga ya moto atumie bodi ya saruji isiyo na asbesto, zipo. Au bati jembamba linalong'aa, lakini lisigandamane na mbao. Weka vipande vya sentimita 2 vya kulitenga, hewa ipite nyuma yake. Bati lililobandikwa moja kwa moja linapitisha joto kwenye mbao kama sufuria linavyopitisha kwenye ugali. Jipsamu nayo husaidia kwa moto wa ghafla kwa sababu ina maji ndani yake yanayotoka kama mvuke, ila yakishatoka hayarudi, kwa hiyo si ya kuoka kila Jumamosi.

StimaNaToken

Mimi ni wa stima, Mamboleo, mbao sijui kitu. Ila kuna jambo linanisumbua tangu ukurasa wa kwanza. Mama Keki, ukizima oveni baada ya kuoka, unasikia feni ikiendelea kuvuma kwa dakika kadhaa?

MamaKeki_Lanet

Hapana. Nikizima inanyamaza kabisa. Feni ya ndani inayozungusha hewa ya keki inafanya kazi vizuri, naiona.

StimaNaToken

Hiyo ni nyingine. Oveni nyingi za kuchomekwa kabatini zina feni ya pili, iko juu, nje ya chumba cha kuokea, huioni. Kazi yake ni kuvuta hewa kupitia juu ya bati na kuitoa mbele, kwenye ule mwanya kati ya mlango na vitufe. Ukiweka mkono hapo wakati oveni imewaka unapaswa kuhisi upepo wa uvuguvugu. Ikifa, joto lote linakwenda kwa kabati na kwa vitufe vyenyewe. Kwenye mtumba ndiyo ya kwanza kufa, na anayekuuzia hakuwashii oveni saa nzima dukani.

Jaribu pia raba ya mlango. Fungia kipande cha karatasi kwenye mlango, vuta. Kikitoka bila kusitasita, hapo joto linavuja. Fanya pande zote nne.

MamaKeki_Lanet

Jamani.

Nimewasha nyuzi 180, nimesubiri dakika 40. Hakuna upepo hata wa kuzima kiberiti. Na karatasi upande wa kulia chini imetoka kama bahasha mezani. Upande huohuo ndiko plastiki ilikoanza kubabuka.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kununua mahogani ya kabati zima kwa sababu ya feni.

StimaNaToken

Kwa sababu ya feni, raba na hadibodi ya panya. Tafuta fundi wa friji na oveni akubadilishie, na stima iwe imezimwa kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe tu. Oveni yako inakula ngapi? Ikiwa zaidi ya kilowati 3 isiwe kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13, ipewe waya wake na swichi yake. Na waya usipite juu ya bati la oveni. Nimewahi kuvuta mmoja ambao plastiki yake ilikuwa imekauka kama biskuti.

Mwalimu_Bungoma

Naomba kupenya. Mimi yangu si ya kuchomeka, ni kuka ya kusimama, gesi tatu na umeme mmoja, oveni chini. Nimeijengea makabati kushoto na kulia na mtungi wa kilo 13 nimeuficha kwenye kabati la kushoto. Kuna shida?

FundiKibuye

Mwalimu, ipo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kama maji. Kabati lililozibwa chini ni ndoo ya kuihifadhi. Mtungi utoke nje ya nyumba kama unaweza, la sivyo kabati liwe na matundu sakafuni kabisa, na paipu isipite nyuma ya oveni, maana kuka hizo hutoa hewa ya moto kwa nyuma. Makabati ya kando yaachie nafasi ya vidole viwili au zaidi. La juu lisishuke chini ya sentimita 65 kutoka kwenye moto, 75 ni salama zaidi. Kama ungependa, fungua uzi wako, huu una mwenyewe.

MamaKeki_Lanet

Mwalimu karibu tu, chai ipo.

Fundi, nina swali la mwisho kuhusu saipresi, maana mume wangu ameshaleta mbao sita kutoka Njoro na anazipitia akizipapasa. Nitajuaje kama zimekauka?

FundiKibuye

Una kifaa bora kuliko sisi sote. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, kisizidi sentimita 2 kwa unene. Kipime kwa mizani yako ya unga. Kiweke kwenye oveni nyuzi 103, kitoe baada ya saa kadhaa ukipime, ukirudishe, mpaka uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa ule mkavu. Hiyo ndiyo njia wanayotumia hata maabara. Kwa kabati tunataka kama asilimia 12 au chini.

MamaKeki_Lanet

Kipande: gramu 250. Baada ya siku nzima: gramu 203. Nimepiga hesabu, ni 23 na kitu. Nyumba inanukia kama kanisa.

Mume amenyamaza.

FundiKibuye

23 ni mbichi. Ubao wa sentimita 20 ukikauka hapo utapungua milimita 4 au 5, na mlango wako utaachana na fremu. Mwambie azipange kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao, mawe juu, mapaa yasizivujie. Miezi michache zitakuwa meza nzuri. Hazijapotea.

MzeeWebuye

Huyo mume ninamwelewa.

MamaKeki_Lanet

Narudi baada ya wiki sita, samahani, msimu wa graduation.

Feni imebadilishwa, raba mpya imewekwa. Kabati la zamani sikulitupa lote. Hadibodi ya nyuma imeondolewa, wavu mwembamba wa chuma umewekwa chini na juu kwa ajili ya panya. Rafu imekatwa nyuma sentimita 5. Ubao wa chini una tundu refu lenye wavu. Droo ya juu ya oveni imeondolewa, pale ni uwazi mtupu wenye pazia la vijiti mbele. Nafasi ya oveni yenyewe ilikuwa imebanwa, kitabu kilitaka upana wa milimita 560 hadi 568 na kina kisichopungua 550, mimi nilipewa 555 kwa 530, yaani ilikuwa imesukumizwa mpaka inagusa ukuta.

Mbavu mbili zinazopakana na oveni ni plaiwudi mpya. Ya kwanza niliyoletewa niliichemsha, ikafunguka kurasa ndani ya saa 2, nikairudisha, mwenye hadwea akanitazama kama mchawi. Ya pili ilivumilia. Kingo zote ni mahogani, vipande vilivyobaki kwenye kiwanda cha jirani anayetengeneza viti vya kanisa, vimeshikwa kwa skrubu na gundi ya poliyurethani.

Kabla ya kubadilisha chochote nilikuwa nimeweka kipimajoto cha nyama kati ya oveni na ubavu wa kabati, siku ya kuoka, saa 3 kwa nyuzi 180: kilisoma 88. Jumamosi iliyopita, palepale, saa zilezile: 51.

Fundi wa kwanza alikuja kuona. Alichungulia nyuma, akauliza wavu nilinunua wapi.

StimaNaToken

51 safi. Ukizima acha feni ivume mpaka ijizime yenyewe, usikate swichi ya ukutani kuokoa token.

MamaKeki_Lanet

Nilikuwa nafanya hivyo hasa. Naacha leo.

Jirani_wa_London

Mimi niko kilomita chache tu kutoka Lanet na nimechangia tangu jibu la kwanza. Keki naichukua wapi?